Mkono Uliolala: Kisa cha Madai ya Fidia Yaliyokataliwa kwa Sababu Nne

Barua ya kampuni ya bima ilikuwa na aya moja na sababu nne. Kwanza, hakuna ajali iliyotokea tarehe iliyoandikwa kwenye fomu. Pili, mdai ana kisukari. Tatu, mikono yote miwili imeathirika, kwa hiyo chanzo kiko mwilini mwake wala si kazini. Nne, taarifa ilichelewa.

Mdai ni mama wa miaka 44 anayetoa mifupa kwenye mapaja ya kuku kiwandani. Ugonjwa wake haukubishaniwa na mtu. Vipimo vilionyesha kwamba neva inayopita kwenye kifundo cha mkono imebanwa, hali inayoitwa ugonjwa wa handaki la kapali. Kilichobishaniwa ni kazi, na hapo ndipo madai mengi ya aina hii huangukia: ugonjwa upo, vipimo vipo, ila hakuna karatasi inayosema mkono ulifanya nini, mara ngapi kwa dakika, kwa nguvu kiasi gani na kwa miezi mingapi.

Kisa hiki hakimhusu mtu mmoja anayejulikana. Kimejengwa kwa mambo yanayojirudia katika madai haya, na tarakimu zake zimewekwa ili hesabu ionekane inavyofanywa.

Mezani

Alikuwa kiwandani miaka sita. Minne na zaidi alifungasha, kisha akahamishiwa meza ya mapaja. Mkanda ulileta mapaja 8 kwa dakika. Mwezi wa 10 tangu ahamishwe ukaongezwa kasi, yakawa 10. Ganzi ilianza mwezi wa 14.

Tazama paja moja. Mkono wa kushoto unalichukua kwenye mkanda na kulibana kati ya kidole gumba na vidole viwili, kwa sababu ngozi ya kuku inateleza na nyama ina baridi ya nyuzi 4 hivi. Kisu kinaingia kando ya mfupa na kuteremka: kifundo cha kulia kinakunjwa kwenda upande wa kiganja na kuvutwa upande wa kidole cha mwisho. Kisu kinazungushwa kwenye kichwa cha mfupa. Kisha mkato wa tatu, ulio mgumu kuliko yote, unaotenganisha gegedu. Hapo kifundo kinakunjwa zaidi na vidole vinakaza mpini. Wakati huohuo mkono wa kushoto unavuta nyama mara mbili huku ukiigeuza. Sekunde sita zimekwisha, paja lingine limefika.

Mapaja 10 kwa dakika, dakika 420 za kisu mkononi kwa zamu baada ya kutoa mapumziko, ni mapaja 4,200. Kila paja mikato mitatu: kifundo cha kulia kinakunjwa mara 12,600 kwa siku. Cha kushoto kinavuta na kugeuza mara 8,400. Kabla mkanda haujaongezwa kasi, mapaja yalikuwa 3,360. Nyongeza ya 840 kwa zamu ndiyo iliyoandikwa kwenye kumbukumbu za uzalishaji kuwa ni mafanikio, na karatasi hiyohiyo baadaye ikawa ushahidi wa upande wa mfanyakazi.

Kuna jambo la kisu pia, na wakaguzi wengi hulipita. Visu vilipelekwa kunolewa mara moja kwa zamu. Kisu kikitoka kwenye jiwe la kunolea, wakataji walikadiria nguvu ya mkato wa gegedu kuwa 3 kwenye kipimo cha 0 hadi 10. Baada ya saa mbili walisema 6. Idadi ya mikato haikubadilika, nguvu ilirudufika. Fimbo ya chuma ya kunyooshea makali ilikuwepo mezani, lakini mkanda haukumwachia mtu sekunde kumi za kuitumia.

Ndani ya kifundo

Handaki lenyewe ni dogo. Sakafu na kuta zake ni mifupa ya kifundo, paa lake ni kano pana na ngumu isiyonyumbuka. Ndani yake hupita kano tisa zinazokunja vidole, na katikati yao neva moja, neva ya mediani. Kano zikivimba au kifundo kikikunjwa, nafasi haiongezeki. Kinachobanwa ni kile kilicho laini, yaani neva.

Shinikizo ndani ya handaki limewahi kupimwa kwa mrija mwembamba. Kwa watu wasio na ugonjwa, kifundo kikiwa kimenyooka, lilikuwa wastani wa milimita 2.5 za zebaki. Wakikunja kifundo hadi mwisho lilipanda hadi karibu 30. Kwa wagonjwa lilikuwa karibu 32 mkono ukiwa umetulia, na kupita 90 kifundo kikikunjwa. Kuanzia milimita 30 hivi, damu inayoilisha neva huanza kupungua. Ndiyo maana mkono huamka usiku: mtu amelala amekunja kifundo chini ya shavu, shinikizo limepanda, na hakuna mwendo wa kulishusha.

Neva hiyo huhudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete inayotazama kidole cha kati. Kidole cha mwisho hakimo. Ngozi ya kiganja nayo huwa salama, kwa sababu tawi lake hutoka kabla ya handaki. Mpaka huu ni muhimu katika madai kuliko neno lolote la kitabibu. Mgonjwa akipewa mchoro wa mkono na kalamu ya rangi, akapaka vidole vitatu na nusu na kuacha kidole cha mwisho, ametoa ushahidi ambao hakufundishwa na mtu. Akipaka mkono mzima kuanzia begani, daktari achunguze shingo na neva nyingine kabla ya kuandika chochote.

Ugonjwa ulivyojitokeza, na karatasi ya kwanza iliyoharibu mambo

Mwanzo ulikuwa wa kawaida. Saa nane usiku vidole vinawaka, mkono umelala. Alipoulizwa na daktari, “Mama, ukiamka hivyo unaufanyaje mkono?” hakujibu kwa maneno. Aliinua mkono wa kulia akaukung’uta mara tatu chini, kama mtu anayekung’uta kipimajoto cha zebaki. Ishara hiyo ni ya thamani kubwa, na daktari anayeijua huiandika kama ilivyo: mgonjwa alikung’uta mkono bila kuelekezwa.

Mwezi wa 16 alimwambia msimamizi wake kwa mdomo. Msimamizi, kwa nia njema, akampa glavu nene zaidi akidhani tatizo ni baridi. Glavu nene hupunguza hisia za vidole na nguvu ya kushika, hivyo mkono hukaza zaidi ili kushikilia kisu kilekile. Hali ikazidi. Ila glavu hizo ziliacha alama: daftari la stoo lilikuwa na jina lake, tarehe, na maneno “mkono unauma”. Hiyo ndiyo iliyokuwa taarifa yake ya kwanza kwa mwajiri yenye maandishi, ingawa hakuna aliyeikusudia.

Mwezi wa 18 alikwenda zahanati. Foleni ndefu, dakika tano za maelezo. Kadi ikaandikwa: “Maumivu ya mkono wa kulia, wiki 2. Hakuna jeraha. Dawa za maumivu siku 5.” Hakuna kazi iliyotajwa, hakuna usiku, hakuna vidole. “Wiki 2” ni muda ambao maumivu yalikuwa yamezidi kiasi cha kumfanya aache kulala, si muda wa ugonjwa. “Hakuna jeraha” maana yake hakukatwa wala kuanguka. Lakini aliyekaa ofisini miezi mitatu baadaye alisoma hivi: tatizo lilianza wiki mbili tu, na hakuumia.

Kosa la namna hii hurekebishwa kwa njia moja. Maandishi ya awali hayaguswi kamwe. Kadi iliyofutwa hata neno moja huua madai yote. Aliyeandika huongeza nyongeza yenye tarehe ya siku hiyo na saini yake, akieleza mgonjwa alisema nini na “wiki 2” ilimaanisha nini. Hapa mganga wa zahanati alikubali kuandika mistari minne. Ilitosha.

Kwa anayekwenda kwa daktari leo na mkono wa namna hii, mambo matano yasemwe hata kama hayajaulizwa, na aombe yaandikwe: vidole gani hasa, tangu mwezi gani, usiku inakuwaje, mkono unafanya kazi gani kwa saa ngapi, na siku za mapumziko hali hubadilika vipi. La mwisho lina uzito wake. Mama huyu alikuwa na likizo ya siku 12 mwezi wa 17. Kufikia siku ya tano alilala usiku kucha. Siku ya tatu baada ya kurudi kazini ganzi ikarudi.

Vipimo

Daktari bingwa alifanya majaribio yaliyozoeleka. Vifundo vyote viwili vikakunjwa na kuachwa kwa sekunde 60: kulia ganzi ilikuja sekunde ya 20, kushoto sekunde ya 45. Handaki likabonyezwa kwa kidole gumba kwa sekunde 30: kulia ganzi, kushoto kuchomachoma. Shingo ikageuzwa na kukandamizwa bila kuamsha chochote mkononi. Nyama ya shina la kidole gumba cha kulia ilikuwa imeanza kupungua ukilinganisha na kushoto, na kidole hicho kilipoinuliwa kutoka kiganjani dhidi ya kidole cha daktari, kilishindwa mapema.

Kupungua kwa nyama ni ishara ya kuchelewa. Ganzi inayokuja na kuondoka huweza kupona yote. Nyama iliyokwisha kukauka mara nyingi hairudi hata baada ya upasuaji uliofanikiwa.

Kisha kipimo cha mwendo wa umeme kwenye neva. Mara ya kwanza mama alifika akitoka zamu moja kwa moja, mikono baridi. Mtaalamu alikataa kupima hadi ngozi ilipofika nyuzi 32, na akaandika joto hilo kwenye ripoti. Alifanya vyema. Neva baridi hupitisha umeme polepole hata ikiwa nzima, na ripoti isiyo na joto la ngozi ni rahisi kuipinga. Kulia, muda wa ishara kutoka kifundoni hadi kwenye msuli wa kidole gumba ulikuwa milisekunde 5.4; maabara nyingi huweka mpaka kati ya 4.2 na 4.5. Kushoto ulikuwa 4.4, na hisia za vidole zilichelewa mikono yote miwili. Neva ya ulna, inayokwenda kidole cha mwisho, ilikuwa sawa kulia na kushoto. Neva ya ngozi ya nyuma ya mguu nayo ilipimwa, ikakutwa sawa. Wengi hawapimi mguu kwa mgonjwa wa mkono. Hapa ndio uliojibu hoja ya kisukari.

Sababu nne, moja baada ya nyingine

Ile ya ajali ilikuwa kosa la fomu. Fomu iliuliza “tarehe ya ajali”, na karani wa kiwanda akaandika siku ambayo kisu kilimponyoka mama mkononi. Bima ikatafuta shahidi wa ajali siku hiyo, haikumpata, ikafunga faili. Ugonjwa unaojijenga kwa miezi hauna siku ya ajali. Sheria nyingi za fidia zina njia mbili, ya ajali na ya ugonjwa utokanao na kazi, zenye fomu tofauti au sehemu tofauti kwenye fomu moja. Tarehe inayotakiwa kwenye njia ya pili kwa kawaida ni ile ugonjwa ulipothibitishwa au ulipomzuia mtu kufanya kazi. Fomu ilijazwa upya chini ya ugonjwa, na barua fupi ikaeleza kwa nini ile ya kwanza ilikosewa. Kunyamaza na kutuma fomu mpya kungeonekana kama kubadilisha maelezo.

Ya kuchelewa ilitegemea jibu hilohilo. Katika mifumo mingi saa ya taarifa ya ugonjwa huanza pale mfanyakazi alipojua, au alipopaswa kujua, kwamba ugonjwa wake unahusiana na kazi. Alijua siku aliyosomewa kipimo, mwezi wa 19, na madai yakapelekwa siku ya tisa. Daftari la glavu lilionyesha pia kwamba mwajiri alikuwa na habari tangu mwezi wa 16. Hata hivyo asitegemee mtu tafsiri hii: muda hutofautiana sana baina ya nchi na nchi, mahali pengine ni siku 30 tu, na taarifa ya maandishi ya mstari mmoja yenye nakala iliyogongwa mhuri haigharimu kitu.

Hoja ya kisukari ndiyo iliyohitaji kazi, kwa sababu ndani yake mna ukweli. Kisukari huongeza uwezekano wa ugonjwa huu. Vivyo hivyo tezi ya thairoidi isiyofanya kazi vizuri, unene, ujauzito, baridi yabisi na kuvunjika kifundo zamani. Wanawake huupata zaidi ya wanaume, na umri wa miaka 40 hadi 60 ndio wenye wagonjwa wengi. Mama huyu alikuwa na mambo matatu kati ya hayo: mwanamke, miaka 44, kisukari kilichogunduliwa miaka miwili kabla. Barua ya daktari inayoficha haya hupoteza heshima yote pale upande wa pili unapoyaleta, na hapana shaka utayaleta.

Hivyo daktari aliyataja mwenyewe, kisha akayapima. Kisukari kinapoharibu neva kwa ujumla wake huanza na zile ndefu, za miguu. Neva ya mguu ilikuwa sawa. Neva ya ulna, iliyo kwenye mkono uleule na yenye damu ileile yenye sukari ileile ila haipiti handakini, ilikuwa sawa pia. Kilichoharibika ni neva moja, mahali pamoja, pale panapokunjwa mara 12,600 kwa siku. Daktari hakuandika kwamba kisukari hakikuchangia chochote; hilo asingeweza kulithibitisha, kwa kuwa neva ya mwenye kisukari huweza kudhurika kwa mbano mdogo zaidi hata kabla madhara hayajaonekana kwingine. Aliandika kwamba kisukari kilikuwepo miezi mingi kabla na mikono ilikuwa mizima, kwamba ganzi ilikuja miezi minne baada ya kasi kuongezwa, ilipungua likizoni na ikarudi kazini.

Hapo ndipo maneno ya sheria husika yanapaswa kusomwa neno kwa neno. Baadhi ya sheria hutaka kazi iwe imechangia kwa kiasi cha maana. Nyingine hutaka iwe sababu kuu. Barua inayosema “imechangia” mbele ya sheria inayotaka “sababu kuu” imeshindwa kabla ya kusomwa, hata kama utabibu wake ni sahihi. Na mifumo mingi hufuata kanuni kwamba mwajiri humchukua mfanyakazi kama alivyo: udhaifu aliokuja nao haufuti madhara ya kazi iliyomwongezea.

Ya mikono miwili ilikuwa nyepesi kuliko ilivyoonekana. Ugonjwa huu hushika mikono yote kwa wagonjwa wengi, na ule unaotumika zaidi ndio huwa mbaya zaidi, kama hapa. Bima ilidhani kazi ya kisu ni ya mkono mmoja kwa sababu maelezo ya kazi kutoka kwa mwajiri yalisema hivi tu: “Mkataji. Hutumia kisu kutoa mifupa.” Hakuna mahali palipotaja mkono unaobana, kuvuta na kugeuza nyama baridi mara 8,400.

Ripoti ya mezani

Mwakilishi wa wafanyakazi na mtaalamu wa usalama walirudi mezani na simu yenye kamera. Walirekodi dakika 20 mwanzoni mwa zamu, 20 katikati, 20 mwishoni, kwa ruhusa ya uongozi, kamera ikiwa usawa wa kifundo na upande wa kidole gumba ili pembe ionekane. Video ikapunguzwa mwendo, mikunjo ikahesabiwa na watu wawili kila mmoja peke yake. Walihesabu katika vipande vyote vitatu kwa makusudi: mchana mkato wa gegedu ulikuwa unarudiwa mara mbili kwa kisu butu, kwa hiyo mikato mitatu kwa paja ilikuwa makadirio ya chini. Waliamua kubaki na hesabu ya chini. Tarakimu isiyoweza kupingwa ina nguvu kuliko tarakimu kubwa.

Kisha wakailinganisha na vigezo vilivyokubalika. Orodha ya magonjwa ya kazi ya Shirika la Kazi Duniani, iliyo chini ya Pendekezo Na. 194 la mwaka 2002 na kurekebishwa mwaka 2010, inautaja ugonjwa huu unapotokana na muda mrefu wa kazi ya kujirudia yenye nguvu, mtetemo, mikao ya kupindukia ya kifundo, au mchanganyiko wa hayo. Mapitio ya taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ya mwaka 1997 yalikuta ushahidi ulio na nguvu zaidi pale mambo hayo yanapokutana, kwa mfano nguvu pamoja na kujirudia. Uingereza imeweka kipimo chenye tarakimu: kukunja kifundo mbele na nyuma angalau mara moja kila sekunde 30, saa 20 kwa wiki, kwa jumla ya miezi 12 ndani ya miezi 24 kabla ya dalili. Kipimo hicho hakifungi nchi nyingine, lakini kinampa msomaji wa faili kitu cha kushika. Mama alikunja kifundo cha kulia mara 12 kila sekunde 30, na mara 15 mkanda ulipoongezwa kasi, saa 42 kwa wiki, kwa miezi 13 kabla ya ganzi.

Barua ya kwanza ya daktari ilikuwa na sentensi moja: “Ugonjwa huu unaweza kuhusiana na kazi yake.” Neno “unaweza” halina thamani, karibu kila kitu kinaweza. Barua ya pili ilisomeka hivi:

“Nimeona video ya kazi na hesabu yake. Kwa maoni yangu, uwezekano ni mkubwa kuliko kinyume chake kwamba kazi ya kutoa mifupa, yenye mikunjo isiyopungua 12,600 ya kifundo cha kulia na mivuto 8,400 ya mkono wa kushoto kwa zamu, kwa nguvu na katika baridi, ndiyo sababu kuu ya kubanwa kwa neva ya mediani mikono yote miwili. Nimezingatia kisukari, umri na jinsia; nayaona kuwa mambo yanayoongeza udhaifu. Nategemea: mpangilio wa muda, nafuu ya likizoni, neva ya ulna na ya mguu kuwa sawa, na kazi yenyewe.”

Tiba, na neno “kazi nyepesi”

Kwa mkono wa kushoto, splinti ya usiku, yaani kishikizo kigumu cha kuvaa, iliyoshika kifundo kikiwa kimenyooka, wiki sita. Splinti nyingi za dukani huinua kifundo juu. Bati la ndani linapaswa kunyooshwa kwa mkono kabla ya kuvaliwa, la sivyo shinikizo linabaki palepale. Sindano ya steroidi ilifikiriwa. Hutuliza kwa wiki au miezi, lakini dalili hurudi kwa wengi, na kwa mwenye kisukari hupandisha sukari kwa siku kadhaa. Ikitolewa, sukari ipimwe mara kwa mara wiki hiyo.

Kulia, nyama ikiwa imeanza kupungua, haikufaa kungoja. Upasuaji ulifanyika mwezi wa 21: dawa ya ganzi ya sehemu, paa la handaki likakatwa. Nyuzi zilitolewa siku ya 12. Usiku wa kwanza alilala. Ganzi ya ncha za vidole ilichukua miezi mitatu kuondoka, na maumivu ya shina la kiganja, pande mbili za mshono, yalimsumbua kwa wiki nyingi kila alipoegemea meza. Hayo hutarajiwa na yaelezwe mapema, maana mgonjwa asiyeambiwa hudhani upasuaji umeshindwa.

Wiki ya nne alirudishwa kazini na cheti: “Kazi nyepesi.” Akapangiwa kukunja maboksi. Boksi moja ni jepesi kweli, lakini hukunjwa kwa kubana kwa kidole gumba na kusukuma kwa shina la kiganja, mamia kwa saa. Siku ya tatu mkono ulikuwa umevimba, na faili likapata mstari mpya uliosema amekataa kazi mbadala. Cheti kikaandikwa upya kwa tarakimu: asinyanyue zaidi ya kilo 2 kwa mkono wa kulia, asitumie kisu wala kubana kwa vidole kwa kurudia kwa wiki 8, asiegemee wala kusukuma kwa kiganja, dakika 10 za kupumzisha mkono kila saa. Akapelekwa kukagua lebo. Hapo aliweza.

Bima ilikubali mkono wa kulia mwezi wa 23: matibabu, mishahara ya wiki alizokosa, na tathmini ya ulemavu wa kudumu baadaye. Ilipendekeza kulipa yote kwa mkupuo mmoja papo hapo kwa sharti la kufunga faili. Hakusaini. Asilimia ya ulemavu hupimwa hali ikishatulia, kwa kawaida miezi 6 hadi 12 baada ya upasuaji; ikipimwa mapema, hakuna ajuaye nyama ya kidole gumba itarudi kiasi gani. Alipimwa mwezi wa tisa baada ya upasuaji. Nguvu ya kushika ilikuwa imerudi karibu yote. Ya kubana kwa kidole gumba, robo ilipotea.

Mkono wa kushoto haukuingia. Fomu ya ugonjwa ilikuwa na visanduku viwili na karani aliweka alama kwenye kimoja, kulia, kwa kuwa ndio uliokuwa ukifanyiwa upasuaji. Kipimo cha neva kilichoonyesha mikono yote miwili kilikuwa kimeambatanishwa, barua ya daktari ilitaja mikono yote miwili, lakini bima ilijibu inachodaiwa. Ganzi ya kushoto ilipozidi mwaka uliofuata, ilibidi yafunguliwe madai mapya, na swali la kwanza lililorudi lilikuwa la tarehe.